Matone Matatu ya Damu

Nikipita kando ya saluni hapa Kindu, harufu ya rangi ya kucha hunirudisha kwa mama mdogo wangu Zaina, ambaye hakuwahi kupaka kucha hata siku moja. Chupa yake aliitumia kuzibia vioo vidogo vya kupimia damu.

Siku hizi watu humwita Zaina "mama profesa", na mashine yake ya kusoma jeni ina chumba chenye kipoza hewa, kitu ambacho sisi ndugu zake hatuna. Miaka ile ya vita alikuwa binti tu aliyerudi na diploma ya biolojia kutoka Kisangani. Treni haikuja tena, dawa za maabara nazo hazikuja, akabaki na hadubini moja inayotumia mwanga wa jua. Majirani walisema amesoma mpaka amekosa mume.

Mdogo wangu Musa alikuwa akiumwa mifupa, analia mpaka sauti inamkauka. Ndugu za baba wakakaa kikao, wakaamua kwamba Koko, bibi yetu mzaa mama, ndiye anayemla mtoto kwa uchawi. Baba akakubali. Ijumaa baada ya swala Koko angeondoka kwetu, arudi kwao Kibombo kwa miguu, kwa njia yenye askari wenye kuua.

Mama mdogo aliomba asubiriwe siku moja. Akachoma kidole cha Musa, cha mama yetu, na cha baba, ambaye alikitoa huku amekunja uso. Kila tone aliliweka kati ya vioo viwili. Kingo zilipaswa kuzibwa hewa isiingie, kisha vioo viachwe hadi kesho yake. Akafungua chupa ya rangi, akaikuta tupu. Kucha zangu zote, za mikono na za miguu, zilikuwa nyekundu kwa ajili ya Idi. Aliniangalia kucha, akayeyusha mshumaa, akaziba kingo kwa nta. Niliona aibu mpaka nikatamani anichape.

Kesho yake alimwita baba dirishani.

"Shemeji, angalia wewe mwenyewe. Chembe za damu zinapashwa kuwa mviringo. Hizi za Musa, zilipokosa hewa, zimekunjama sawa mundu. Hizi zingine ni za dada yangu, zimekunjama pia. Na hizi njo zako. Kila mumoja wenu alimupa mutoto nusu ya ugonjwa. Mama yangu haiko mule."

Baba aliinama akaangalia kila kioo. Kisha akauchukua mzigo wa Koko uliokuwa tayari mlangoni, akaurudisha chumbani. Msamaha hakuomba, hata baadaye.

Utotoni niliamini mama mdogo alijua jibu tangu mwanzo, na nikamwona mtu wa moyo mkavu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba siku ile nzima alikuwa akingoja hukumu ya mama yake mzazi, bila kujua itakuwaje. Mwaka jana nilimwuliza: kama chembe zingebaki mviringo, si angedanganya tu?

"Ningesema sijui," alijibu, akiendelea kuandika. "Na mama angeenda Kibombo."