Mapokezi ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa bodi ya shirika la upasuaji, daktari mstaafu, alipenda kupokelewa kwa heshima. Siku alipotembelea hospitali ya shirika hilo, madaktari wote walipangwa uani kumpigia makofi. Akaingia ndani akitabasamu, akamkuta dereva wa lori amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, mguu umevunjika, jasho linamtiririka. Mke wa dereva, asiyemjua, akamuuliza kwa upole, “Samahani baba, mgeni akishapokelewa, daktari atarudi?”

“Mnamngoja tangu lini?”

“Tangu alipoitwa nje kumlaki huyo mgeni.”

Mwenyekiti alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamwita daktari mbio, akakisukuma kitanda mwenyewe hadi chumba cha upasuaji. Mguu ulipona. Lakini yule mama alipomshukuru, Mwenyekiti alijibu huku ameinamia viatu vyake, “Usinishukuru, mama. Yule mgeni aliyewachelewesha ni mimi.”