Kikombe cha Mubirizi

Kosa langu la kwanza katika mambo ya dawa za majani lilikuwa kikombe. Kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, na ndani yake chai ya miaka mingi ilikuwa imeacha mstari wa kahawia ambao mimi niliuona kuwa kipimo. Lakini nikikumbuka siku zile, harufu hunijia kabla ya kikombe chenyewe. Mubirizi, mmea wenye majani machungu, ukitwangwa hutoa harufu kali ya kijani, harufu inayoufanya ulimi ujikunje kabla hujaonja chochote. Harufu hiyo ilijaa nyumba yetu ya Kamembe miezi yote ile ambayo mpaka wa Rwanda na Kongo ulifungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yangu alikuwa amebaki ng'ambo.

Maman alikuwa amevuka asubuhi kama kawaida yake kwenda kuuza vitenge Bukavu. Mpaka ukafungwa, akalala kwa dada yake, na huko kulala kukawa miezi. Baba simkumbuki, kwa hiyo tukabaki wawili, Bibi na mimi. Shule ilikuwa imefungwa. Kila mtu alikuwa nyuma ya lango lake, na kutoka kila jiko ulikuja moshi wa mikaratusi na tangawizi, maana mtaa mzima ulikuwa ukichemsha majani na kujifukiza chini ya mablanketi. Nyuma ya nyumba yetu niliweza kuona, ng'ambo ya maji ya Ziwa Kivu, mabati ya Bukavu. Nilichagua bati moja lenye kutu nikaamua kuwa ndilo la Mama Mkubwa, na nililitazama kila siku nikimsimulia Maman niliyokula. Baada ya mpaka kufunguliwa niliambiwa kwamba nyumba ile iko upande wa pili wa kilima, wala haionekani kabisa kutoka kwetu.

Nyumbani Maman ndiye aliyekuwa mjuzi wa majani. Mubirizi ulikuwa uzio wetu, muravumba uliota karibu na jiko, na majirani walituma watoto wao kuomba matawi ya kikohozi au ya tumbo. Alipokosekana, nilijipa kazi yake. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na kitabu cha zamani cha mimea, cha Kifaransa, kisicho na jalada, ambacho Bibi alikuwa ameanza kukichana ili afungie maandazi, na nilikisoma kwa kamusi, neno baada ya neno. Niliosha chupa za mayonezi, nikakausha majani kivulini, nikaandika majina kwenye karatasi nilizozibandika. Herufi moja ikipinda, nilibandua karatasi nikaanza upya. Kuna chupa moja niliyoiandikia mara tisa. Nasema hili bila kujisifu. Nilikuwa naamini kwamba kila kitu kikinyooka pale mezani, Maman atarudi aone sikuharibu kitu.

Kwetu dawa ya kunywa hupimwa kwa mkono wa mgonjwa. Unamletea kikapu cha majani, anachota mwenyewe, na kile ngumi yake inachoshika ndicho kinachotwangwa na kukamuliwa. Mtoto hupata ya kitoto, mtu mzima hupata yake. Nilikuwa nimeona jambo hilo maisha yangu yote, na baada ya kusoma kitabu changu nililionea haya. Mkono ungekuwaje kipimo? Basi Bibi alipoanza kutetemeka kwa homa na Maman akapiga simu, nilisikiliza nusu tu.

"Papa," alisema, maana nina jina la baba yake na ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "mupelekee kitunga ya majani, akamate yeye mwenyewe. Mukono yake, hapana yako. Na kesho kama homa ingali, uite Maman Zainabu, ule wa afya. Umesikia?"

"Nimesikia, Maman."

Nilimpelekea Bibi kikapu. Vidole vyake vilikuwa vimekazwa na baridi yabisi, havikufunga tena ngumi, na majani mengi yalianguka kwenye shuka. Yaliyobaki mkononi yalikuwa machache, kama ya kumtupia kuku mmoja. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikarudi jikoni, nikayatwanga majani ya kikapu kizima, nikayajaza katika kile kikombe hadi kwenye mstari, nikayashindilia kwa mchi ili pasibaki nafasi ya hewa na kipimo kisiwe na uongo. Nikayachemsha. Katika daftari nikaandika: kikombe kimoja, mara tatu kwa siku, kama nilivyowahi kuona kwenye paketi za vidonge.

Bibi aliinua macho akaniona nimesimama mbele yake na daftari na kalamu. "Munganga," akasema, "leo unanipasula ao unanikunywisha tu?" Alicheka, akafumba macho, akanywa yote. Nikaweka alama ya vema.

Jioni alitapika. Asubuhi alitapika tena, na niliandika kwamba dawa inasafisha. Homa ilikuwepo bado, kwa hiyo nilijua kwamba saa ya kumwita Maman Zainabu ilikuwa imefika. Sikumwita. Angeuliza, angetazama chungu changu, na mtaa mzima ungejua. Maman alipopiga adhuhuri na kuuliza Bibi anaendeleaje, nilijibu, "Muzuri." Neno lile lilitoka laini kabisa. Baada ya simu nilikaa kwenye kizingiti, nikilitazama bati langu la kutu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kulisimulia.

Siku ya tatu Bibi alisali akiwa amelala, midomo tu ikisogea. Nilimwita hakugeuka. Hapo nikakimbia.

Maman Zainabu, mshauri wa afya wa mtaa wetu, alikaa malango matatu kutoka kwetu. Alikuja na barakoa na kimkoba chake cha vipimo, akamchoma Bibi kidoleni, akangoja. Malaria. Kisha akamfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. "Ameisha maji huyu. Alikunywa nini?" Alikwenda jikoni mwenyewe, akafunua chungu, nikamsikia akipaza sauti: "Wee mutoto! Hii ni dawa ao ni sombe?" Akarudi mlangoni na chungu, majani yamejaa kama kisamvu. "Alikunywa ngapi? Sema, kule kituoni watauliza."

Nilikuwa naweza kusema moja. Nakumbuka wazi kwamba nililifikiria hilo, Bibi akiwa amelala pale. Nikampa daftari. Alisoma vikombe sita, kila kimoja na alama yake ya vema, iliyonyooka. Hakunitukana tena, na hilo liliniuma zaidi. Aliita pikipiki, akampakia Bibi katikati, yeye mwenyewe akakaa nyuma akimkumbatia, wakaenda kituo cha afya. Mimi sikuruhusiwa kufuata.

Siku tatu nilikaa peke yangu katika nyumba ile. Binti wa Maman Zainabu aliacha sahani langoni, akapiga hodi, akaondoka kabla sijafika. Nilimwaga chungu, lakini harufu haikutoka. Maman alipopiga, nilimwambia kila kitu kwa mfululizo, mkono, kikombe, ile "muzuri" yangu, bila kupumua, ili asipate nafasi ya kunikatiza. Nikasubiri hukumu.

"Sasa," akasema, "unakulaka na nani?"

Nililia mpaka salio lake likaisha.

Bibi alirudi amekonda, na alipopata nguvu nilimwomba msamaha. Alisema alijua tangu kikombe cha kwanza kwamba kimezidi. "Lakini ulikuwa umesimama pale unaningojea na kalamu. Nikasema, acha nikunywe." Mpaka leo sijui niliweke wapi neno hilo. Kila mmoja wetu alikuwa akimficha mwenzake hofu yake, chumba kimoja, mikeka miwili.

Sasa nina miaka ya kujinyoa ndevu. Maman anavuka asubuhi na kurudi jioni. Bibi yupo, haoni vizuri, na bado ananiita munganga mbele ya wageni. Mubirizi tunaunywa kwa tumbo na muravumba kwa kikohozi, lakini homa ikianza tunakwenda kupimwa damu kwanza, na hakuna anayebishana juu ya hilo. Ningependa kuandika kwamba nimepona ile tabia ya kutaka kila kitu kinyooke. Ukurasa huu nimeuandika upya mara nne, na usiku wa jana nililala vibaya kwa ajili yake. Bado naogopa kukosea kama zamani. Kilichobadilika ni kwamba nikikosea, namwambia mtu siku ile ile.