Shahidi wa Saa Sita Mchana

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, hapo Eldoret, mchana kweupe. Ingekuwa usiku ningesema ni usingizi.

Nilikuwa fundi katika kituo cha redio nje ya mji, enzi zile za chama kimoja, ambapo kusema mashine ya serikali ina kasoro ilikuwa sawa na kuitukana serikali. Tulikuwa na kifaa cha kunasa mawimbi ya kipimo kutoka ng'ambo, nasi tulirekebisha mitambo yetu kwa hayo mawimbi, kama unavyorekebisha saa yako kwa redio. Kila miezi mitatu kifaa chenyewe kilipimwa, saa sita mchana, wakati mawimbi yametulia. Kalamu huchora mstari kwenye karatasi. Ukinyooka, kifaa ni kizima. Fomu ilitaka sahihi mbili, ya aliyepima na ya shahidi.

Siku hiyo shahidi wangu alikuwa ameenda Moi's Bridge kutafuta mahindi bila kumuaga mtu, na bosi alikuwa anangoja fomu. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri. Mara mlango ukafunguka, akaingia mzee mwenye koti la kaki la fundi. Hakubisha hodi wala kusalimu.

"Antena umetoa?"

Nikadhani ni mkaguzi kutoka Nairobi. Hao hupenda kuja bila taarifa. Nikamwambia, "Mzee, si unaona mstari uko sawa?"

"Toa."

Jamani, nilichoka! Nani hutoa antena katikati ya kipimo? Nikaichomoa kwa hasira ili tu anyamaze. Niamini, kalamu haikutikisika. Waya uko mkononi mwangu, na mstari unazidi kunyooka! Kumbe hatukuwa tunanasa chochote kutoka ng'ambo. Kifaa kilikuwa kinajisikiliza chenyewe, nasi tunakisifu.

"Niliwaambia," akasema mzee. Akatia sahihi mahali pa shahidi, akatoka. Nilipomfuata nimuulize jina, tope la mvua ya asubuhi halikuwa na alama ya kiatu ila changu.

Bosi alipoiona ile sahihi, alikaa chini. Ilikuwa ya Owiti, fundi aliyenitangulia pale. Mitambo ilipohama masafa yake, Owiti alisema kifaa kinadanganya. Akaitwa mhujumu, akafukuzwa, na mwaka haukuisha akazikwa.

"Rarua hiyo karatasi," bosi akaniambia, "ama wewe pia utaenda nyumbani."

Nilikuwa na watoto wanne, na niliogopa, sitakuficha. Lakini nilikuwa nimeudhika kupita kiasi. Marehemu anafanya kazi kuliko sisi tunaolipwa? Nikamvuta bosi hadi chumba cha mitambo, nikachomoa antena mbele yake. Kalamu ikaendelea na mstari wake. Akaichukua fomu, akaipiga muhuri mwenyewe. Fomu ikaenda Nairobi na sahihi zote mbili, nami nimeandika chini kwamba mstari ulinyooka antena ikiwa nje.

Nairobi wakaja kupima wenyewe, na jina la Owiti likasafishwa. Barua ya kumwondolea lawama ilisomwa kanisani, mjane wake amesimama, analia. Na zawadi yangu mimi? Uhamisho hadi Lodwar, kule jangwani!

Usidhani Owiti aliniacha. Kila kituo nilichofanya kazi, nikitaka tu kuimaliza fomu haraka niende kula, mlango ulifunguka bila hodi. Nimestaafu na bado naudhika. Kwa hiyo wewe unayetia sahihi kazi ambayo hukuipima, chomoa waya kwanza uone. Usipochomoa, atakuja kukuambia, naye siku hizi hana kazi nyingine.