Siku Fundi wa Kikima Alipokataa Kuitikia Salamu

Kijana alinikuta mezani kwangu hapa gazetini, akanisalimia. Akauliza hali ya watoto, nikamjibu. Akauliza mvua ya huku Nairobi, nikamwambia imekataa. Akauliza habari za goti langu la kushoto, ambalo sikujua kwamba sifa zake zimefika hadi Mbooni. Tulipolimaliza goti ndipo akaniambia kwamba mjomba wake, yule fundi wa mbao wa Kikima, amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wasomaji wangu wa pwani na wa magharibi wataona ajabu mtu kukaa na msiba mdomoni muda wote huo, lakini sisi wa Ukambani ndivyo tulivyolelewa. Hata ubebe habari nzito namna gani, unaitua chini kwanza, unasalimia, unaitikiwa, kisha unaiinua tena. Nililia kidogo. Halafu nikacheka, kijana akaniangalia vibaya, na sasa ni lazima nijieleze kwake na kwenu pia.

Nilimjua fundi mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kikima na nimepanga chumba ng'ambo ya njia, mkabala na karakana yake ya nyumbani. Karakana ni neno kubwa. Kilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemea jikoni. Lakini ndani yake mlikuwa na fahari ya kijiji kizima, mashine ya msumeno wa mkanda aliyorudi nayo kutoka Nairobi, alikokuwa amefanya kazi kwa Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha samani. Kwa asiyeijua, huo ni utepe mrefu wa chuma wenye meno upande mmoja, ncha zake zimeungwa ukawa duara, unazungushwa na magurudumu mawili, moja juu na moja chini, nawe kazi yako ni kuusukumia ubao. Ya fundi iliendeshwa na injini ya dizeli ambayo zamani ilisaga mahindi, na kila ilipowashwa kuku wa jirani walikimbilia kanisani. Mchungaji alikuwa akisema hakuna mhubiri mwingine aliyewahi kuwafikisha.

Taabu ya mashine ile ilikuwa kunoa. Mkanda ukishakuwa butu hauli mbao, unazichoma tu mpaka zinatoa moshi, na Kikima nzima hakukuwa na mtu wa kukunolea. Fundi alinoa mwenyewe kwa tupa ya pembe tatu, jino baada ya jino, mkanda ukiwa umebanwa kwenye jiliwa juu ya benchi nje ya kibanda. Meno yenyewe yamepindwa moja kushoto na moja kulia, kwa hiyo alinoa ya upande mmoja kwanza, akiruka moja moja, kisha akazunguka benchi kunoa yaliyobaki. Upande wa kwanza alitazama ukuta wa jikoni. Upande wa pili alitazama njia ya sokoni, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa kuwa mtu wa Mbooni akikupita kwa nyuma atakutakia kazi njema na kuendelea, lakini akikuta uso wako hawezi kuupita bila salamu kamili. "Wi museo?" anauliza mama mwenye kikapu, yaani, u mzima. "Ni museo," anajibu fundi, anainua kichwa, anauliza hali ya mzee, ya watoto, ya ng'ombe aliyekuwa mgonjwa. Akirudisha macho kwenye mkanda, jino alilokuwa amefikia limepotea katikati ya wenzake. Anakisia, anaruka matano, anaendelea.

Matokeo yake ni kwamba meno ya upande wa jikoni yalikuwa makali kama wembe na ya upande wa sokoni yalikuwa nusu kisu nusu kijiko. Mkanda wa namna hiyo hauendi moja kwa moja, unavuta kuelekea kwenye makali. Kila ubao uliopita pale ulitoka umepinda. Viti vyake vilikuwa na miguu iliyochanua, na watu wakavinunua wakidhani ni mtindo wa Nairobi. Mkosi ulikuja alipochongea kanisa benchi la wazee. Lilipinda vizuri kabisa, kiasi kwamba waliokaa mwisho huu na mwisho ule walitazamana usoni ibada nzima, na kwa bahati mbaya ndio wazee wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nilimuuliza fundi kwa nini asihamishe benchi lake nyuma ya nyumba. "Mwalimu," akasema, "nikienda nyuma ya nyumba watu watanifuata huko huko, wakidhani niko mgonjwa."

Baada ya aibu ya kanisani aliamua jambo ambalo hakuna Mkamba aliyewahi kuliamua akiwa na akili timamu. Aliamua kwamba akiwa ananoa hataitikia salamu ya mtu. Ilikuwa kama ameenda sokoni bila suruali. Wengine walisema ameingia dhehebu la watu wasioongea. Wengine walisema dizeli imempanda kichwani. Mama mmoja alimsalimia, akangoja, akaweka kikapu chini, akasalimia tena, kisha akaja kuniuliza mimi kama fundi alikufa akiwa amesimama. Mimi nilicheka mpaka nilipokumbuka kwamba fundi alikuwa katikati ya posa. Mbuzi watatu wa kwanza, wale tunaowaita ntheo, walikuwa wameshapelekwa kwa kina msichana upande wa pili wa kilima, na baba ya msichana ndiye aliyefundisha katekisimu kanisani, mtu aliyeweza kumsalimia hata punda wa mwenzake. Ntheo ikipokewa, msichana ni wako. Ikirudishwa, hakuna la kuongea tena.

Basi mzee huyo akapita siku ya kunoa, akasalimia, na mkwe wake mtarajiwa akaendelea kusugua chuma bila hata kupepesa macho. Mzee alirudi kwake juu, na siku iliyofuata, fundi akiwa bado hajaumaliza mkanda, nikamwona mzee anashuka kilima akiwa na fimbo mkononi na mbuzi watatu mbele yake. Nilikuwa nimekaa mlangoni nasahihisha madaftari. Fundi naye aliwaona mbuzi kabla ya kumwona mzee. Lakini mkono haukusimama.

"Kijana, wi museo?" akasema mzee. Fundi akasugua. "Nimesema, wi museo?" Fundi akasugua.

Nikavuka njia kujaribu kusaidia. "Mzee, karibu kwangu ukae."

"Mwalimu, siwezi kukaa. Bado sijafika."

"Basi si uwaache tu hao mbuzi hapo?"

"Nawaacha aje na hajaniitikia?" akaniuliza kwa masikitiko, kama mtu anayemwonea huruma mwalimu wa watoto wake. "Nikiacha mbuzi kwa boma ya mtu bila salamu, watu watasema walipotea. Lazima aitike, nimwambie neno, ndio niwaache."

Hapo ndipo nilipoielewa hali ilivyo, na naapa fundi aliielewa muda ule ule. Alinieleza baadaye kwa kinywa chake: "Nilijua nikifungua mdomo tu niseme 'ni museo,' nimeachwa." Kwa hiyo hakufungua. Alifika jino la mwisho la upande ule, akazunguka benchi, akanoa ya upande wa jikoni. Yalipokwisha akazunguka tena, akaanza upya jino la kwanza. Mzee alisimama. Kila baada ya kitambo alisalimia, kwa adabu ile ile, na tupa ikamjibu. Unga wa chuma ukaanza kurundikana chini ya benchi. Mbuzi walichoka wakalala, mmoja akaanza kula kona ya aproni ya fundi, na fundi hakuthubutu kumfukuza kwa sababu kumfukuza mbuzi wa posa kunaweza kuhesabiwa kuwa ni mazungumzo. Watu wa sokoni wakaanza kukusanyika. Walinisalimia mimi, nikawaitikia kwa niaba ya karakana yote.

Jua lilipoanza kuegemea upande wa Kilungu, msichana mwenyewe akashuka, ametumwa na mama yake. Alimtazama baba yake, akawatazama mbuzi, akatazama mkanda ambao meno yake sasa yalikuwa yamebaki kama ya mtoto mchanga anayeanza kuota meno.

"Nau," akamwita babake kwa Kikamba, "mama anauliza kama utakula."

"Nimekuja kurudisha mbuzi."

"Umerudisha?"

"Hajaitikia."

"Basi hata hujafika. Twende nyumbani, chakula kinapoa."

Mzee alimwangalia fundi, akaangalia mkono wake, akasema, "Haya," akaamsha mbuzi. Msichana alibaki nyuma kidogo. Aliingia jikoni mwa fundi kama mtu wa nyumba ile, akatoka na sufuria, akapitisha kidole kwenye masizi ya chini yake na kuyapaka kwenye meno machache ya mkanda. "Paka yote hivi kabla hujaanza," akasema. "Ukinoa jino linang'aa. Mtu akikusalimia, inua kichwa umjibu. Ukirudi utaona penye ulifika." Kisha akapanda kilima kumfuata baba yake na mbuzi, na fundi akakaa chini kwenye unga wake wa chuma, tupa ingali mkononi.

Mkanda ule ulikatika wiki ile ile, na alikaa miezi bila mwingine, akikata mbao kwa mkono kama kila mtu. Lakini alipopata mpya aliupaka masizi, na Jumapili iliyofuata alimsalimia mzee kwa sauti iliyosikika kuliko kengele. Walioana baada ya mavuno. Benchi la wazee lilichongwa upya likanyooka, ingawa wapo waliolikumbuka lile la kwanza kwa kuwa ndilo lililowafanya wale wawili wapatane, wamechoka kutazamana. Kunoa sasa kulimchukua fundi siku nzima, maana aliitikia kila mtu na kumshika mkono, na ukimwona mtu sokoni ana kiganja cheusi huna haja ya kuuliza amepitia wapi.

Jumamosi nilienda kuzika. Baba mkwe bado yuko, mzee sana, na alipopewa nafasi aseme machache alisimamishwa na watu wawili. Nilitegemea mistari ya Biblia. Badala yake alisimulia siku ya mbuzi, na waombolezaji wakaanza kucheka, nami nikacheka nao, nikidhani najua mwisho wake. "Siku ile watu walifikiri mimi ni mjinga," akasema. "Nilimwona akifika jino la mwisho. Nikamwona akirudi la kwanza. Chuma haioti tena kama ukucha. Nikasema, huyu kijana anamaliza chombo chake cha kazi mbele ya macho yangu ili nisimrudishie mbuzi. Sasa mimi natafuta mkwe mwingine wa nini? Huyu binti yangu aliponiambia twende, roho yangu ilikuwa imeshaenda kitambo. Nilikuwa nangoja tu mtu aniite."

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki kama kichekesho cha mtu na salamu zake, na sikuwahi kufikiria kwamba aliyesimama pale na fimbo alikuwa anaona zaidi yangu. Kila unaponoa, unapunguza. Hakuna fundi asiyejua hilo. Makali unayoyapata leo umeyachukua kutoka kwenye chuma ambacho hakitarudi, na sisi tusiokuwa mafundi tunaishi vivyo hivyo, tukijibana, tukijiwekea, tukiogopa kwamba nguvu zetu zitaisha. Zitaisha tu. Jambo la maana ni kujua zinaishia kwa nani, na fundi alilijua hilo mapema, akiwa kijana, mchana kweupe, mbele ya soko zima. Yule ambaye fundi alimmalizia nguvu zake alikuwa mstari wa mbele Jumamosi, amejifunga leso nyeusi, amemshika baba yake mkono asianguke kaburini.