Kengele Isiyolia

Ngo! Mlio mmoja tu, mzito, wa kengele ya treni. Verlon Stucky aliusikia akiwa kijana wa chuo, amelala kifudifudi kwenye nyasi za uwanja wa mpira wa Kimarekani huko Kansas. Mpira ulikuwa umemponyoka, na wapinzani walikuwa wakiigonga kengele ile, tuzo ya mshindi, waliyoipata kwa kosa lake. Mlio ule haukumtoka kichwani hadi uzeeni.

Dada yake Carlene akaja kuolewa na mmoja wa wapinzani hao hao, Dwight Hruska. Basi kila Novemba, vyuo vyao vilipokutana kwenye ligi, mashemeji waliegesha magari ubavu kwa ubavu nje ya uwanja, wakachoma soseji na kutupiana maneno mpaka filimbi ilie. Carlene alipofariki, hapakubaki kingine cha kuwakutanisha ila mchezo huo.

Msimu huu ulikuwa wa mwisho wa vyuo hivyo kukutana. Chuo cha Verlon kilikuwa kinahamia ligi kubwa, kikifuata fedha za televisheni.

"Mmepata tajiri," Dwight alisema akigeuza soseji. "Sisi wa mashambani hamtujui tena."

"Mimi sikuulizwa, shemeji."

"Na hiyo kofia umevaa ya nani?"

Verlon akaigusa kofia yake ya zambarau, rangi ya chuo chake.

Chuo chake kilishinda. Kwa desturi, wachezaji wa zamani wa upande ulioshindwa huivuta kengele kwa mkokoteni, wakikatiza uwanja na kuikabidhi kwa washindi kwa mikono yao. Dwight alikuwa miongoni mwao. Hakumtazama mtu. Vijana wa timu iliyoshinda wakampisha Verlon aigonge wa kwanza. Nani asiyejua kisa chake?

Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Akainama, akachungulia: ulimi wa kengele ulikuwa umekatwa, na alama ya msumeno ilikuwa bado inang'aa.

"Chukueni chuma chenu," Dwight alisema. "Mlio unabaki nyumbani."

Vijana wakaanza kutukana. Verlon akawanyamazisha kwa mkono, akamwacha Dwight aende, kisha akamfuata pole pole hadi kwenye magari. Jiko lilikuwa limeshapoa. Dwight alikuwa anahangaika na meza ambayo Carlene alizoea kuiandaa, miguu yake ya kukunja imekwama. Verlon akashika upande wa pili, wakaikunja pamoja.

"Na mwakani, shemeji," akasema, kwa sauti ndogo mno, "tutagombania nini?"