Bei ya Darasa la Tano B

Edna Sugden na Bi Pargeter hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya kwanza. Sugden, binti wa mfumaji wa sufu, alikuwa amefundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na mmoja katika shule ile ya wasichana mjini Halifax. Pargeter alitoka kusini mwa nchi Januari ya mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, akakabidhiwa idara nzima ya Kiingereza; na asubuhi ile ile akaketi kwenye kiti cha Sugden, kando ya jiko la makaa katika chumba cha walimu.

Juma la pili alipiga marufuku uchanganuzi wa sentensi.

"Hayo majedwali yako, Bi Sugden, ni makaburi. Waache waandike yaliyo moyoni."

"Ya moyoni mpelekee padri. Mtahini anataka kingine."

Sugden hakuwa akibishana kwa ukaidi mtupu. Tano B ilikuwa na wasichana ishirini na wawili wa miaka kumi na sita, wengi wao wakitamani uuguzi, na chuo cha wauguzi hakikumpokea aliyeanguka Kiingereza. Insha zao zilikuwa zikichechemea. Lakini mtihani wa Juni ulikuwa na swali moja la hiari: kuichambua sentensi ndefu kishazi kwa kishazi. Alama zake zilikuwa za hakika kwa yeyote aliyefunzwa, kama kufuma soksi.

Kwa hiyo Sugden aliendelea. Aliandika ubaoni sentensi yenye vishazi rejeshi vitatu, kimoja ndani ya kingine: mzee ambaye mbwa wake alimng'ata mlinzi aliyefunga lango lililovunjika. Kila msichana aliitwa achore mstari wa chaki kutoka kwenye kirejeshi hadi kwenye nomino yake.

"Kirejeshi ni mtumishi," alisema. "Mtafuteni bwana wake kabla hamjafungua mdomo."

"Mwalimu, hiki naona kina mabwana wawili," alisema Maureen Helliwell.

"Kama dada'ako," sauti ikatoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

"Mmoja ni mwongo, Maureen. Mtafute."

Mwezi Machi Pargeter aliingia bila kubisha hodi, akautazama ubao.

"Futa."

"Kitambaa hicho hapo. Futa mwenyewe, halafu uwaambie hawa alama watazitoa wapi."

Pargeter alifuta. Kisha wote wawili wakaenda kwa mwalimu mkuu, ambaye hakuwainulia macho.

"Mnanichosha, akina mama. Mnataka nini?"

"Aache, au atoke Tano B," alisema Pargeter.

Madarasa ya juu yalikuwa ndiyo maisha ya Sugden. Mengine hakuwa nayo.

"Niachieni Tano B hadi Juni," alisema. "Baada ya hapo huyu achukue madarasa yangu yote ya juu. Mimi nitafundisha watoto wa mwaka wa kwanza mpaka nistaafu."

"Uandike hayo," alisema Pargeter.

"Lete kalamu."

Matokeo yalibandikwa Agosti. Kumi na saba walifaulu, Maureen akiwa mmoja wao. Pargeter alisimama mbele ya orodha, mikono nyuma.

"Watano wameanguka, Bi Sugden."

"Wameanguka. Nami nimeshakwenda kwa mama zao mmoja mmoja. Wewe nitajie jina la mmoja tu."

Pargeter aliisogelea orodha ili asome.

"Bila kusoma," alisema Sugden.

Septemba aliingia darasa la mwaka wa kwanza, akaanza na herufi kubwa na nukta. Kazi ile ilimchosha, wala hakuificha chuki yake kwa aliyemtupa huko. Alibakiwa na miaka sita kabla ya kustaafu. Kwa miaka yote hiyo alipita mbele ya Pargeter kila asubuhi bila kumsalimu, naye Pargeter hakuwahi kukiachia kile kiti kando ya jiko.