Nilisema Mboga Zake Zina Dawa ya Tumbaku

Kosa nimelifanya mimi, kwa mdomo huu huu. Msinitafutie sababu. Shetani sikumwona na hakuna mtu aliyenituma. Ni wivu tu, basi.

Nimeolewa na mtoto mkubwa wa familia moja ya pembeni ya mji wa Tabora, upande wa Kipalapala. Tunakaa ua mmoja: nyumba yetu, nyumba ya shemeji yangu, na katikati kijumba cha mama mkwe, ambaye ni mjane. Kwetu kila mkwe anapika kwake, halafu jioni anafunika sahani na kumpelekea mama. Akishakula anaiweka kwenye benchi la mlangoni, unaifuata mwenyewe.

Miaka sita nilikuwa mkwe peke yangu. Miaka sita, jamani! Mama akiumwa kichwa ananiita mimi. Wageni wakija ananitambulisha, "Huyu ndiye mwanangu." Nikajiona nimefika.

Mimi nimekulia mjini, kwa baba fundi cherehani. Nilikuwa naringia mapishi yangu: ugali wa sembe nyeupe pee, nyama ya mchuzi mzito, Jumapili wali na chapati. Mboga za majani nilizihesabu kuwa chakula cha mtu aliyekosa. Nikipika mchicha hata mara moja kwa wiki, naona aibu jirani akifunua chungu.

Halafu shemeji akaoa. Msichana wa Usinge, mbali huko kwa njia ya treni, nitamwita Nyamizi. Siku anaingia, pamoja na masanduku yake alikuja na kiroba kizima cha nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. "Bibi harusi kaja na nyasi! Shemeji, umeoa mke au umeoa mbuzi?" Watu wakacheka, na Nyamizi naye akacheka. Hakujua kwamba mwenzake simtanii.

Sasa mama alikuwa na shida ya tumbo siku nyingi. Choo kilikuwa vita. Siku tatu, siku nne hapati, tumbo limejaa, usiku anageuka geuka. Tukampeleka zahanati, mimi na Nyamizi. Muuguzi akamuuliza anakula nini, mama akajibu kwa fahari kabisa, "Nyama na sembe. Mkwe wangu ananitunza."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Bibi, tumbo halitaki kitu kimoja kila siku. Changanya. Leo majani haya, kesho yale. Kunde, choroko, njugu mawe, mtama, matunda. Kila aina ina kazi yake huko ndani. Na uongeze taratibu, usivamie, halafu maji unywe."

Mimi nilisikia matusi. Nyamizi alisikia kazi.

Tangu siku ile mwanamke yule hakukaa. Asubuhi yuko pembeni ya mashamba anachuma mlenda, mara majani ya maboga, mara matembele. Mvua zikianza anaingia porini na wenzake kutafuta uyoga. Ugali anasonga wa mtama, kesho wa muhogo, keshokutwa anampelekea mama matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Ubuyu anaukoroga, ukwaju anauloweka. Alianza na vijiko viwili vitatu, akaongeza kidogo kidogo, kama alivyoagizwa.

Na mama akapona! Mwezi wa pili anatembea mwenyewe hadi kanisani. Anacheka. Siku moja kanisimulia habari za choo chake kwa furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nimenuna.

Sikilizeni sasa ugonjwa wangu ulipoanzia. Jioni nafuata sahani kwenye benchi. Ya Nyamizi imelambwa, inang'aa. Yangu nyama imeguswa kona moja, ugali umevunjwa kidogo tu kwa heshima. Siku ya kwanza nikasema ameshiba. Siku ya tano nikaanza kuamka na kidonda moyoni. Nilikuwa nasimama dirishani kumtazama Nyamizi akivuka ua na sahani yake, naangalia hata miguu yake inavyokanyaga! Nikisikia mama anacheka kule ndani, mwiko unanitoka mkononi.

Kilichonimaliza ni sentensi moja. Mgeni alikuja, mama akamshika Nyamizi bega: "Huyu ndiye mwanangu." Maneno yangu yale yale! Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na birika la chai.

Kesho yake nikaenda kwa mama peke yangu. Nikakaa, nikavuta pumzi, nikajifanya nashindwa kusema.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama, mimi sipendi umbeya. Ila ukidhurika nitajibu nini kwa Mungu? Ule mlenda Nyamizi anauchuma ndani ya mashamba ya tumbaku. Nimemwona. Na wiki hii wamepulizia dawa."

Wenzangu wa Tabora mnajua nilichokifanya. Huku tumbaku ndiyo kilimo chetu, na hakuna mama asiyemkanya mtoto wake: kinachoota kwenye tumbaku hakiliwi. Nililichagua neno lile kwa sababu lisingehitaji shahidi. Nyamizi hakuwahi kukanyaga shamba la tumbaku kuchuma kitu. Namwona kwa macho yangu kila asubuhi anapita upande mwingine.

Jioni ile sahani ya Nyamizi ikakaa kwenye benchi imefunikwa vile vile. Yangu ikarudi tupu.

Nilifurahi. Ndiyo, andikeni, nilifurahi! Niliiosha ile sahani huku naimba.

Nyamizi alikuja kuniuliza, masikini. "Dada, mama nimemkosea nini?" Nikamjibu, "Wazee hawa, mdogo wangu, wana siku zao. Mzoee." Akarudi kwake akiwa ameinamisha kichwa, kesho akapika tena, keshokutwa akapika tena.

Mama akabaki na mimi na nyama yangu na sembe yangu. Wiki ya tatu tumbo likafunga. Likavimba, akatapika, tukamkimbiza hospitali. Pale kitandani, wanawe wote wawili wamesimama, akasema kwa sauti ya kukatika: "Ile dawa ya tumbaku niliyolishwa ndiyo inatoka sasa."

Shemeji akashtuka, "Dawa gani?" Mama akasema yote, isipokuwa aliyemwambia. Hakunitaja. Aliona ananilinda.

Shemeji hakungoja hata kuuliza. Alirudi nyumbani mchana ule ule, na jioni Nyamizi alikuwa stesheni na masanduku yake, anarudishwa kwao. Miezi kumi ya ndoa!

Jioni ile ile daktari aliniita mimi pembeni, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nauguza. "Mama yako hana sumu yoyote. Utumbo umejaa choo kigumu. Alikuwa anakula mboga na kunde, akaacha ghafla?" Nikasema ndiyo. "Basi ndiyo hiyo. Ile mboga ilikuwa dawa yake. Mrudishie taratibu."

Nilitoka nje ya wodi, shemeji ameshamwacha Nyamizi stesheni na kurudi, akauliza daktari kasemaje. Treni ilikuwa haijaondoka. Ningesema neno moja tu, angemwahi! Nikasema, "Kasema tumbo limechafuka."

Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. La kwanza nililisema nina hasira. La pili nililisema nimetulia, akili zangu zote zipo.

Mama akatoka hospitali. Mimi nikaingia nyumba ya Nyamizi, shemeji yuko kazini, nikafungua mitungi yake. Nsansa, choroko, njugu mawe, uyoga mkavu, kila kitu kimefungwa vizuri. Nikapika kwa kukumbuka alivyokuwa akipika, siku moja hiki, siku moja kile. Nikafunika, nikapeleka.

Sahani ikarudi inang'aa!

Niliisubiri sahani ile karibu mwaka mzima. Nikaishika, nikaketi nayo jikoni, nikalia. Jasho la mwenzangu limo ndani, na jina ni langu.

Jumatano moja jumuiya ilisali kwetu. Baada ya sala mama akasimama kushukuru, na wanawake wote wanasikiliza. "Namshukuru Mungu kwa mkwe wangu huyu. Ananipikia kila aina ya mboga, tumbo langu limefunguka. Si kama yule muuaji wa Usinge." Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akanikumbatia.

"Mama, nyamaza!" Nilipiga kelele mpaka mtoto wa jirani akaanza kulia. "Nyamizi hakukulisha kitu! Ni mimi niliyedanganya! Na hizi mboga unazokula ni zake, nimeziiba kwenye mitungi yake!"

Mama akachukua mkongojo wake akaingia ndani. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Mume wangu alisema sentensi moja tu: "Utaenda Usinge mwenyewe." Nikapanda treni na shemeji, hatusemeshani njia nzima. Reli ile inafuata njia ya misafara ya zamani ya kwenda Ujiji. Babu zetu walipita huko na mizigo kichwani miezi kwa miezi, na mimi nilikuwa na maneno matatu tu ya kubeba, nikayaona mazito.

Nilipiga magoti mbele ya wazee wa Nyamizi. Baba yake mdogo alinisema mpaka koo likamkauka. Nyamizi alikuwa anapukuchua kunde, hakuinua uso. Mwisho akauliza, "Dada, siku ile nilipokuja kukuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sawa," akasema. Akaendelea na kunde zake.

Amerudi kwa mumewe, lakini baada ya mwezi mzima, na wazazi wake walidai shemeji amfuate mara mbili. Ananisalimia. Dada hasemi tena, siku hizi ananiita mama fulani, kwa jina la mwanangu, kama anavyowaita majirani.

Nitawaambia na hili, maana nimeapa kusema kweli: wivu haujaisha. Nikimwona anavuka ua na sahani yake bado nasimama dirishani. Tofauti ni kwamba sasa naujua jina, nauambia, "Kaa hapo hapo."

Dada zangu, wake wa ndugu mnaokaa ua mmoja, mwenzio akipika vizuri mwombe akufundishe. Chungu kimoja hakimtoshi mtu mzima, hata tumbo lenyewe linataka vingi. Nafasi ilikuwepo ya sahani mbili kwenye lile benchi, ni mimi niliyeona moja imezidi. Na neno la sumu usilitie kwenye chakula cha mtu, kwa sababu halitoki. Utaliondoa kwake, litahamia kwako.

Mimi napika kila jioni. Nimejifunza mlenda, nimejifunza kunde, na matembele nayapanda mwenyewe pembeni ya nyumba yangu, mama anayaona akiwa ameketi mlangoni kwake. Nafunika, nampelekea, napiga magoti, naweka. Mama anapokea kwa mikono miwili, kwa adabu zake zote. Anafunua. Anaangalia majani. Halafu kila siku, kwa upole kabisa, ananiuliza:

"Haya umeyachuma wapi?"